Pete ya almasi kwa bibi harusi wa leo: tuanze na mkono, jiwe lifuate (UZI)

Dada_wa_Vito (Kampala)

Wadau, habari za jioni. Kwaresma imekwisha, makanisa yamefungua tena milango ya harusi, na dukani kwetu wachumba wanaingia kila siku wakiwa na picha kwenye simu. "Dada, nataka kama hii." Picha nyingi zinafanana: jiwe lenye umbo la yai, limezungukwa na vijiwe vidogo, limeinuliwa juu sana, na mduara wa pete ni mwembamba kama uzi. Ni pete nzuri kutazama. Lakini mimi nauza na pia napokea pete zinazoletwa kutengenezwa, kwa hiyo naziona zikiwa mpya na naziona zikirudi. Ninachotaka kuwaambia dada zangu ni hiki: kabla hujauliza jiwe lina ukubwa gani, uliza limeshikwa vipi, na mkono utakaolivaa unafanya kazi gani. Gomesi ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana familia, utaivaa siku moja. Pete utasonga nayo posho (ugali), utapanda nayo boda, utaogesha nayo mtoto.

Basi nianze na namna ya kushika jiwe, maana hapo ndipo pete nyingi hufia.

Mtindo wa jiwe moja juu ya kucha, yaani vijino vya madini vinavyolishika, ndio mama wa mitindo yote ya sasa. Kampuni ya Tiffany ya New York iliutoa mwaka 1886: kucha 6 zinaliinua jiwe juu ya mduara ili mwanga ulifikie vizuri. Hadi leo kuna wanaotaka kucha 6 na wanaotaka 4. Kucha 4 zinaacha jiwe lionekane zaidi, ila moja ikikatika zilizobaki zina kazi kubwa. Kwa mtu anayevaa pete kila siku, mimi nasema 6. Jiwe likiwa la mraba, hakikisha kila pembe imefunikwa na kucha iliyokunjwa, kwa sababu pembe ndizo humeguka. Watu husikia almasi ndiyo madini magumu kuliko yote, ina 10 kwenye kipimo cha Mohs, wakadhani haivunjiki. Ugumu ule ni wa kutokwaruzwa. Ukiigonga kwenye kingo ya sinki kwa upande mbaya, inapasuka.

Halo, yaani duara la vijiwe kuzunguka jiwe kubwa, ni njia ya heshima kabisa ya kupata pete inayoonekana kubwa kwa pesa kidogo. Almasi ya mviringo ya nusu karati (kwa jiwe, karati ni kipimo cha uzito) ina kipenyo cha milimita 5 hivi, ya karati 1 ni kama 6.5. Halo inaliziba pengo hilo. Taabu yake ni kwamba kila kijiwe kimeshikwa na vikucha vidogo mno, na unga wa chapati, losheni na sabuni hujaa humo. Ukiitaka, kubali pia kuisafisha na kuipeleka ikaguliwe.

Mtindo ninaoupenda kwa moyo wote ni ule wa ukingo mzima, ambapo dhahabu inalizunguka jiwe pande zote bila kucha. Haunasi kwenye sweta, haukwaruzi shavu la mtoto, na jiwe halidondoki kirahisi. Zamani ulionekana wa kizee, sasa wachumba wameanza kuuomba wenyewe. Kuna wanaosema unaziba mwanga. Almasi iliyokatwa vizuri hupokea mwanga kutoka juu na kuurudisha juu, kwa hiyo kinachopotea ni kidogo.

Mawe matatu yamependwa zaidi tangu mwaka 2017, Prince Harry alipomvisha Meghan Markle pete ambayo jiwe lake la kati lilitoka Botswana, na ya pembeni mawili yalikuwa ya mama yake Harry, Diana. Nafurahi kila ninapolisimulia hilo dukani, kwamba jiwe la kati lilitoka hapahapa Afrika. Na wanaoomba jiwe la bluu wengi wanaikumbuka pete ya Diana ya 1981, aliyovishwa Kate mwaka 2010. Ile ni yakuti ya bluu iliyozungukwa na almasi. Yakuti ina ugumu wa 9, inafaa kuvaliwa kila siku.

Kuhusu maumbo sitakaa sana. Mviringo ndio unaomeremeta kuliko yote. Una nyuso 57 au 58, na Marcel Tolkowsky, mtaalamu wa almasi, alizipigia hesabu za vipimo vyake mwaka 1919. Ni ghali zaidi kwa sababu kuukata kunapoteza sehemu kubwa ya jiwe bichi. Umbo la yai na la tone hurefusha kidole na huonekana makubwa kwa uzito uleule, ila ligeuzegeuze kwanza: mengine yana kivuli cheusi katikati, kama kipepeo, na ukishakiona hutaacha kukiona. Umbo la mstatili lenye ngazi ni tulivu na la kifahari, lakini liko wazi kama dirisha, kila doa la ndani linaonekana. Hapo lipia usafi wa jiwe.

Rangi ya dhahabu nayo inabadilisha bei ya almasi. Almasi hupimwa rangi kutoka D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Kwenye dhahabu nyeupe au platinamu, jiwe lenye umanjano litajitangaza, kwa hiyo tafuta G au H. Kwenye dhahabu ya njano, J au hata K inakaa vizuri na umeokoa pesa. Na kwa ngozi zetu, dhahabu ya njano inang'aa ajabu, sijui kwa nini tuliikimbia miaka ile yote. Halafu ujue dhahabu nyeupe hupakwa rodiamu juu, madini meupe yanayong'aa. Inachakaa, inaanza kuonyesha unjano, inabidi ipakwe upya.

Ulizeni, nipo.

---

Kijana_wa_Masaka

Asante dada. Mimi natarajia kwenda kukyala mwaka huu, yaani kumtembelea shangazi wa mchumba wangu. Rafiki zangu wananiambia pete lazima igharimu mshahara wa miezi mitatu. Hiyo sheria imetoka wapi? Nina mutwalo (mahari), nina mikutano ya harusi, nina kodi ya nyumba.

---

Dada_wa_Vito

Ndugu yangu, hiyo si sheria ya kanisa wala ya wazee. Ilitoka kwenye matangazo ya De Beers, kampuni iliyotawala biashara ya almasi duniani kwa miaka mingi. Kaulimbiu yao ya "almasi ni ya milele" ilianza mwaka 1947, na miaka ya 1980 matangazo yao yalikuwa yakiwahimiza wanaume kutumia mshahara wa miezi 2. Baadaye ikawa mitatu. Muuzaji wa mawe ndiye aliyepanga utumie kiasi gani kununua mawe! Kaa na mchumba wako, tajeni kiasi ambacho hakitawaacha na deni baada ya harusi, kisha uje dukani na kiasi hicho. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha kizuri ndani ya hicho.

---

Mzee_wa_Mityana

Nawasoma kwa makini vijana wangu. Siku hizi pete inavishwa palepale kwenye kwanjula, baada ya ssenga, shangazi wa bibi harusi, kumtambulisha bwana harusi, watu wanapiga vigelegele. Sina ubaya nalo. Ninachoomba ni kwamba pete isile pesa za mambo yenyewe. Kuku wa muko, kaka wa bibi harusi, haachwi. Mkaja wa mama hauachwi. Nimekaa kwenye kwanjula ambapo pete ilipigwa picha na kila simu iliyokuwepo, halafu mashangazi wakabaki wananong'onezana kuhusu vikapu. Familia inahesabu heshima yake kwa vitu vyake yenyewe.

---

Dada_wa_Vito

Mzee wangu, umenena. Na mimi nawaambia wateja: wazee mkiwaridhisha kwanza, pete ndogo haitamuudhi mtu yeyote uani.

---

Hajati_Bombo

Asalaam alaykum. Niongeze kwa upande wetu Waislamu. Ndoa yetu inasimama kwa mahari, walii na mashahidi. Pete si nguzo, ni zawadi, na zawadi ni jambo jema. Bwana harusi asivishwe dhahabu, ni haramu kwa mwanamume. Mtengenezeeni ya fedha, nzuri tu, na mchonge jina ndani. Wanangu wawili nimewaozesha hivyo na wakwe zangu pete zao wanazivaa hadi leo.

Na jambo jingine: pete isibane. Wakati wa udhu maji lazima yafike chini yake. Kama haizunguki kidoleni, hiyo imekuwa shida mara tano kwa siku.

---

Dada_wa_Vito

Waalaykum salaam Hajati. Pia platinamu inafaa kwa wanaume wa Kiislamu wanaotaka chuma cheupe kinachodumu kuliko fedha, ingawa bei yake iko juu. Na hilo la kutobana linawahusu wote, Fundi wa Mbale akipita humu atatueleza vipimo.

---

Muuguzi_Arua

Mimi ni muuguzi. Nanawa mikono siku nzima, glavu navaa na kuvua. Mchumba wangu anataka kuninunulia ile ya halo, na mimi sitaki kumvunja moyo. Nifanye nini?

---

Dada_wa_Vito

Muuguzi, mwambie ukweli sasa, kabla hajalipa. Pete yenye kucha ndefu inachana glavu, na uchafu unajificha chini ya jiwe hata ukinawa vizuri. Kwa kazi yako nashauri mambo mawili. Pete ya ndoa iwe bapa, laini, bila jiwe lolote, hiyo ndiyo ya zamu. Pete ya uchumba iwe ya ukingo mzima, chini kabisa, uivae ukiwa nje ya wodi. Akitaka uzuri zaidi, mwambie aweke pesa kwenye mkato wa jiwe. Mkato mzuri unameremeta hata jiwe likiwa dogo.

Na tafadhali usitumbukize pete kwenye jiki. Klorini inakula madini yaliyochanganywa kwenye dhahabu, hasa dhahabu nyeupe, na kucha zinadhoofika polepole bila wewe kuona. Wanaosafisha nyumba kwa jiki, vueni pete kwanza.

---

Mhasibu_Jinja

Tuingie kwenye suala la almasi za maabara. Kuna mtu mtandaoni anauza "almasi" kwa bei ya simu ya kawaida. Je, ni bandia? Na moisanaiti ni nini hasa?

---

Dada_wa_Vito

Swali la maana kuliko yote humu, nivumilie nijibu kwa urefu.

Almasi ya maabara ni almasi. Ni kaboni ileile, imepangika vilevile, ina ugumu uleule wa 10. General Electric ya Marekani ilifaulu kuitengeneza mwaka 1954 kwa shinikizo na joto kubwa, na siku hizi kuna njia ya pili ya kuikuza tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi yenye kaboni. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ya mgodini, na hata mimi siwezi. Bei yake imeshuka sana na imeendelea kushuka, kwa hiyo usiinunue ukitegemea kuiuza baadaye. Inunue kwa sababu unataka jiwe zuri la kuvaa. Sina tatizo nayo hata kidogo, na wateja wengi vijana wanaichagua bila aibu.

Moisanaiti ni kitu kingine: silikoni na kaboni. Mwanasayansi Mfaransa Henri Moissan aliigundua mwaka 1893 kwenye vipande vya kimondo huko Arizona. Ugumu wake ni 9.25, kwa hiyo inadumu vizuri. Utaitambua kwa miale ya rangirangi kama upinde wa mvua, mingi kuliko ya almasi. Ni jiwe zuri lenye jina lake, na liuzwe kwa jina lake. Zirkonia, jiwe jingine la kutengenezwa linaloiga almasi, iko chini zaidi, inakwaruzika na kupoteza mng'ao mapema.

Dhambi iko kwenye kuficha. Mwanamume akimvisha mwenzake moisanaiti akamwambia ni almasi, siku akienda kuipima itakuwa kesi ya uaminifu, na jiwe halitakuwa na kosa lolote. Mwambieni. Wengi wanafurahi kujua kwamba pesa iliyobaki imeenda kwenye kiwanja.

Kuhusu kupima: kile kidude cha kalamu kinachopima joto kinadanganywa na moisanaiti. Dai chenye kupima na umeme. Na hata hicho hakitakuambia kama almasi ni ya maabara au ya mgodi, hilo linahitaji mitambo. Ndiyo maana tunasisitiza cheti. GIA ya Marekani, iliyoanzishwa 1931, na IGI ndizo maabara za kupima vito zinazojulikana zaidi. Namba ya cheti mara nyingi huchongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake mpana wa katikati. Omba lenzi ya kukuza mara 10, uisome namba kwa macho yako, kisha uiingize kwenye tovuti ya maabara husika ukiwa bado umesimama kaunta. Vipimo vikitofautiana na jiwe, aga kwa heshima uondoke.

Huyo wa mtandaoni mwombe namba ya cheti. Jibu lake litakutosha.

---

Mtu_wa_Mutukula

Sisi huku mpakani tuna jamaa wanatuambia wana almasi za Shinyanga, mawe mabichi, bei poa. Mnaonaje?

---

Dada_wa_Vito

Usiguse. Shinyanga kweli kuna almasi, mgodi wa Mwadui ulianzishwa baada ya John Williamson kuigundua mwaka 1940, na mwaka 1947 lilitoka humo jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo alimzawadia Princess Elizabeth alipoolewa. Lakini almasi bichi zinavuka mipaka kwa utaratibu wa Kimberley, ulioanza 2003 ili kuzuia almasi za vita, na zinahitaji hati zake. Jiwe linalotolewa mfukoni kituo cha magari halina hati. Likiwa la kweli umeingia kwenye magendo, likiwa la uongo umenunua kipande cha kioo.

Ukitaka kitu cha jirani zetu, tanzanaiti ya Mererani ni halali na nzuri mno, inatoka Tanzania peke yake. Ila ugumu wake ni 6 hadi 7 tu. Iweke kwenye hereni au kidani. Kwenye pete ya kila siku itakwaruzika.

---

Fundi_Pete_Mbale

Nimefika. Vipimo basi.

Kidole pimeni jioni, mwili ukiwa na joto. Asubuhi ya baridi kidole kinakuwa chembamba, utachukua pete ndogo. Pete pana inabana kuliko nyembamba ya saizi ileile, kwa hiyo jaribuni yenye upana uleule. Wenye kifundo kinene, pete ipite kifundo kwa kusukumwa kidogo, isiporomoke.

Msichukue pete ya ndoa yenye vijiwe kuzunguka mduara wote kama hamna uhakika na saizi. Hiyo haipanuliki. Mimba inakuja, mwili unabadilika, nami nitakuwa sina pa kukata. Chukueni ya nusu duara, chini iwe dhahabu tupu.

Pete ya uchumba na ya ndoa nunueni mkiwaza zote mbili. Jiwe likikaa chini sana, pete ya ndoa iliyonyooka haisogei karibu, inabaki nafasi. Hapo inatengenezwa iliyopinda kufuata jiwe. Na zote ziwe dhahabu ya aina moja. Ukiweka ya karati 9 kando ya 18 (kwa dhahabu, karati ni usafi wake), zinasuguana na moja inaisha mapema. Angalieni muhuri ndani: 750 ni karati 18, 585 ni 14, 375 ni 9.

Mduara chini ya milimita 1.8 mimi huwa nakataa kutengeneza. Unapinda, jiwe linaanguka, mteja analia.

---

Kijana_wa_Masaka

Fundi, na kama nataka iwe siri, nitapataje saizi yake?

---

Fundi_Pete_Mbale

Muulize ssenga wake au dada yake. Au chukua pete anayoivaa kidole hichohicho, uniletee nipime, uirudishe. Ukikosa kabisa, chukua kubwa kidogo, kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza.

---

Bi_harusi_FortPortal

Dada_wa_Vito, mimi ni mwalimu, kuhingira kwetu, sherehe ya kuagwa bibi harusi, ni Agosti, kanisani ni Septemba. Nina shamba la migomba ninalolima mwenyewe wikendi. Tumekubaliana na mwenzangu tusikope. Napenda umbo la yai. Ungenichagulia nini?

---

Dada_wa_Vito

Hongera sana mpenzi wangu. Ningekuchagulia hivi: jiwe la umbo la yai, la maabara, karati 0.5 hadi 0.7, rangi H au I, lenye cheti. Dhahabu ya njano ya karati 14, ambayo ni ngumu kuliko ya 18 na nafuu. Ukingo mzima, umekaa chini. Mduara wa milimita 2. Pete ya ndoa bapa ya dhahabu hiyohiyo, imepindwa kidogo ipokee jiwe, na ndiyo utakayobaki nayo darasani siku za kazi nzito. Shambani vua zote mbili, jembe linapinda mduara na udongo unaingia chini ya jiwe.

Agiza mapema, Juni ukiweza, kwa sababu Agosti mafundi wamejaa kazi. Risiti iandike uzito wa jiwe, aina yake kwamba ni la maabara, na namba ya cheti. Nyumbani osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, maana mafuta hushikamana sana na almasi na losheni inaipofusha haraka. Usioshee juu ya sinki lililo wazi, tumia bakuli. Kila baada ya miezi sita itikise pete karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, vua, ilete kwa fundi kabla hujaivaa tena.